Land Rover Series IIA ipo Tabora: naegemea rangi ya mafuta, siyo 2K wala klia. Wenye hoja nipingeni

#1 Mzawa wa Cheyo (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wengine habari za humu.

Nina Land Rover Series IIA, 109 (ndizo inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), ile ya kabla taa za mbele hazijahamishiwa kwenye madigadi. Zake bado zimebanana katikati ya grili. Ilikuwa ya baba mdogo, alikuwa akiendea nayo Urambo na Sikonge msimu wa tumbaku. Injini inawaka, chesisi imeshachomelewa pale nyuma palipoliwa na kutu, breki zimefumuliwa zote. Imebaki rangi, na hapo ndipo kila anayepita gereji ana lake la kusema. Nimeleta humu nipate mawazo ya watu walioifanya kazi hii kwa mikono yao.

Kwanza tuelewane gari lenyewe ni la namna gani, maana ushauri mwingi ninaopewa ni wa gari la bati. Land Rover ilipotoka mwaka 1948, Uingereza chuma kilikuwa cha mgao kwa sababu ya vita vilivyokuwa vimeisha juzi tu, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya aluminiamu iitwayo Birmabright. Hata kijani cha yale ya mwanzo kilikuwa rangi iliyobaki ya kupakia ndani ya ndege za vita. Chuma kilibaki kwenye chesisi, kwenye ukuta unaotenga injini na kabini, na kwenye fremu za ndani ya milango. Sasa mtu akiniambia nipige redi oksaidi gari zima halafu niendelee, ananiambia nipake praima (rangi ya msingi) ya chuma juu ya kitu kisicho chuma. Itabanduka tu.

Halafu kuna suala la rangi yake ya asili. Gari hili limepakwa na kila aliyelishika. Nilichukua msasa wa maji, nikasugua sehemu moja chini ya kiti cha dereva, kwa mviringo, taratibu, hadi tabaka zikajitokeza pete ndani ya pete: nje nyeupe ya juzijuzi, ikafuata bluu, ikafuata kijivu, ikafuata kijani kilichokolea, kisha aluminiamu yenyewe ikang'aa katikati. Kijani kile hakijawahi kupigwa na jua, kwa hiyo bado kipo kama kilivyotoka kiwandani. Hicho ndicho ninachokitaka. Paa na rimu vitakuwa vya ile nyeupe isiyo nyeupe sana, kiwandani waliiita Limestone.

Sasa hoja. Njia ninazoziona ni tatu: 2K (rangi ya kopo mbili, inayochanganywa na hadna, yaani kigumishi) ya rangi moja isiyo na klia (tabaka la juu linaloonyesha cha chini kama kioo), rangi ya chini yenye klia juu, au rangi ya mafuta. Sitabishana na mtu kwamba 2K inadumu kuliko rangi ya mafuta. Hadna ikishashikana na rangi haiyeyuki tena, hata ukiimwagia petroli. Lakini hadna hiyo ina isosianeti, kemikali inayodhuru mapafu, na gereji ninayoimudu haina chumba cha kupulizia wala maski ya kuletewa hewa safi kwa bomba. Fundi anapulizia bandani chini ya mwembe, amejifunga kitambaa puani. Nyuma ya uzio wa mabati kuna mama anapika chakula cha mchana na wanawe wanashinda palepale. Sitaki gari la baba mdogo ling'ae kwa gharama ya mapafu ya mtoto wa mwenzangu.

Rangi ya mafuta inakauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani. Haina hadna hiyo. Inapakwa kwa brashi na rola, au kwa bunduki ukitaka, na mng'ao wake ni wa wastani, ndivyo Land Rover za kazi zilivyokuwa. Ikikwaruzwa porini napiga msasa napaka kipande kile, maisha yanaendelea. Udhaifu wake ni jua. Tabora tupo nyuzi 5 kusini ya ikweta, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Itafubaa mapema kuliko 2K, hilo nalikubali kabla hamjalisema.

Nipingeni.

#2 Kijana wa Isevya

Mwangaluka mkuu. Hongera kwa kuiokoa mashine hiyo, wengi wangeshaiuza skrepa.

Ila rangi ya mafuta ni ya mageti na madirisha. Gari la kumbukumbu ya mzee unaliheshimu kwa kulipa kilicho bora. Piga metaliki ya kijivu iliyokolea, juu weka klia mikono mitatu, yaani tabaka tatu, kata na msasa namba 2000, pitisha kampaundi ya kung'arishia. Ukiegesha popote watu wanageuka. Na klia ndiyo inayokinga rangi na jua, ndani yake kuna dawa ya kuzuia mionzi. Magari yote ya sasa yanatoka kiwandani hivyo, kwa nini sisi turudi nyuma?

#3 Mzawa wa Cheyo

Mwangaluka mdogo wangu. La klia kukinga jua umesema kweli. Tatizo ni kwamba kinga ile inaliwa. Klia ya kawaida ikikauka unene wake ni mikroni 40 hadi 60, na kila ukipitisha kampaundi ili ing'ae upya unapunguza kinga yenyewe. Tazama magari ya mtumba yaliyokaa juani mjini hapa. Milango mizima, lakini paa na boneti klia inaachia vipande, chini yake rangi imekuwa unga. Ikifika hapo huwezi kuziba kipande. Unashusha paneli nzima na kuanza upya.

Metaliki nayo ina lake. Zile chembe zinalala kufuatana na upepo wa kompresa na umbali wa bunduki. Kopo lilelile, mafundi wawili, vivuli viwili tofauti. Mimi gari langu litakwaruzwa, kwa sababu nalitengeneza litembee. Nataka rangi ambayo mlango mmoja ukiharibika haunilazimishi kupaka gari zima.

Na kuna jambo la umbo. Bodi ya Land Rover ni mabapa yaliyonyooka, imegongwa, ina alama za riveti na za kuchomelea. Mng'ao wa kioo unatangaza kila wimbi. Ili lipendeze kwa klia itabidi ulijaze puti kila mahali, na hapo aluminiamu umeizika.

#4 Fundi Rangi Ujiji

Habari za Tabora. Nipo Ujiji, kazi yangu ni rangi za magari na nimeifanya muda mrefu. Mleta uzi, chaguo lako silipingi moja kwa moja, ila umeongelea rangi ya juu tu. Rangi ya juu ni mwisho wa kazi. Ngoja nikupeleke chini.

Kuvua rangi ya zamani. Kijana yeyote akikujia na kostiki soda, mrudishe. Kostiki inakula aluminiamu: unaona inachemka povu, unafurahi kwamba rangi inatoka, kumbe bodi inatoka nayo. Brashi ya waya iliyokwisha kusugua chuma usiipeleke kwenye aluminiamu, inaacha chembe za chuma zilizojichomeka, baadaye zinashika kutu chini ya rangi mpya. Na mashine yenye jiwe la kusagia usiikaribishe kabisa. Aluminiamu ni nyembamba, ikipata moto inajipinda na hainyooki tena. Isitoshe, si lazima uvue yote. Palipo na rangi ya zamani iliyoshika vizuri, paache pawe msingi, upasugue kwa msasa 240 kisha 320, kingo uzilainishe mpaka kidole kisikwame. Gari la umri huo rangi za chini zinaweza kuwa na risasi, kwa hiyo sugua kwa maji, vumbi lisiruke, na ule uji usiumwage watoto wanapochezea.

Kabla hata ya msasa, futa grisi na polishi kwa kitambaa chenye tina (kiyeyusha rangi), kisha kitambaa kingine kikavu. Ukianza na msasa unaisukumia grisi ndani ya mikwaruzo, na polishi yenye silikoni ndiyo inayoleta yale matundu ya mviringo, rangi inakimbia inaacha jicho. Hakuna mkono wa pili utakaoyafunika.

Aluminiamu iliyobaki wazi inataka praima ya asidi, ile inayong'ata. Inapigwa nyepesi sana, bado unaona bodi kwa mbali, na siku hiyohiyo inafunikwa na praima ya kawaida maana ikilala nje inanyonya umande. Usiweke puti juu ya praima ya asidi, asidi inaivuruga isikauke sawasawa. Puti inakaa juu ya aluminiamu iliyokwaruzwa kwa msasa, au juu ya epoksi, aina nyingine ya praima.

Chuma cha ule ukuta wa injini na chesisi ningekupa epoksi. Ni ya kopo mbili, lakini hadna yake si isosianeti. Vaa glovu tu, inaweza kukuwasha ngozi vibaya, na unaipaka kwa brashi.

Kuna vile vipande vya kingo vilivyochovywa zinki. Hivi watu wengi wanavikosea. Rangi ya mafuta ukiipaka moja kwa moja juu ya zinki, zinki na mafuta ya rangi vinatengeneza sabuni katikati, na rangi inaachia kama karatasi. Ama vipige praima ya asidi kwanza, ama viache wazi na rangi yake ya zinki, vinapendeza hivyohivyo.

Halafu fungua milango. Pale chini ngozi ya aluminiamu inapokutana na fremu ya chuma utakuta unga mweupe. Metali hizo mbili zikikaa pamoja na maji, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Safisha, paka pande zote mbili kabla hujazirudisha pamoja, na hakikisha matundu ya kutolea maji hayajazibwa na rangi.

Sasa rudi kwenye uamuzi wako. Ukishapaka rangi ya mafuta umeoa. Huwezi kuja baadaye kupiga NC (rangi ya selulosi) juu yake, tina ya NC ni kali, itaichemsha na kuinyanyua yote. 2K nayo juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakomaa ni vilevile. Ukibadili mawazo, unavua hadi chini. Na petroli inailainisha, kwa hiyo pale unapojazia mafuta patakuchafukia. Mafuta ya breki ndiyo kabisa, tone moja linatosha kuivua.

#5 Muuguzi wa Zamu

Nashukuru mleta uzi kwa kuligusa la hadna, maana wengi mnalipita. Naongea kama mtu wa afya, siyo mtu wa magari.

Isosianeti ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana vya pumu ya kazini. Ubaya wake ni huu: mtu anaweza kufanya nayo kazi muda mrefu bila shida yoyote, kisha mwili ukaizoea vibaya, yaani ukajenga mzio. Tangu hapo kiasi kidogo sana kinatosha kumbana kifua, na mara nyingi hali hiyo haiondoki tena. Kinachofuata kwa fundi ni kuacha kazi anayoijua.

Kitambaa hakizuii. Maski za karatasi hazizuii. Hata za chujio haziaminiki kwa kupulizia 2K, kwa kuwa hewa hiyo haina harufu ya kukuonya kwamba chujio limeshaisha. Harufu mnayoisikia ni ya tina. Kinachokubalika ni maski inayoletewa hewa safi kutoka nje ya eneo la kazi, pamoja na nguo ndefu na glovu, kwa sababu hata ngozini inaweza kuanzisha mzio. Na watu wengine wasiwepo karibu wakati wa kupulizia, na baada yake mpaka ukungu ule uishe.

Fundi akianza kukohoa usiku au kubanwa kifua siku za kazi, na akipumzika anapata nafuu, asisubiri. Aende hospitali na awaambie anapulizia rangi gani.

Nyongeza: rangi ya mafuta nayo si salama kwa asilimia mia. Mvuke wa tapentaini unaumiza kichwa, fanyieni kazi penye hewa. Na vile vitambaa vilivyolowa rangi ya mafuta au mafuta ya kitani msivirundike kona moja, vinaweza kujipatia joto na kuwaka vyenyewe. Vitandazeni vikauke nje, au vizamisheni kwenye maji.

#6 Kijana wa Isevya

Dada asante. Nina rafiki anapulizia 2K kila wiki na anakohoa, tulikuwa tunasema ni vumbi la barabara. Nimemtumia ujumbe wako hivi sasa.

#7 Mstaafu wa Karakana

Salaam. Nimesoma nikaona watu wanaiogopa brashi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na miaka mingi sana mabehewa yalipakwa kwa mkono. Brashi ikishikwa na mtu anayeijua, utalazimika kusogea karibu sana ndipo ujue haikupulizwa.

Kijana, tafuta rola ndogo ya sponji laini na brashi moja pana ya manyoya laini, bora, usibane pesa hapo. Rangi ichuje kwa soksi ya kike hata kama kopo ni jipya. Izimue kidogo kwa tapentaini, isiwe maji. Rola inasambaza, brashi inafuata nyuma yake palepale, unaigusisha kwa ncha tu, bila kukandamiza, pande zote kwa mwelekeo mmoja, kisha usirudi. Ukirudi baada ya dakika chache ukaona kajidoa ukataka kukasawazisha, umeharibu. Kaache. Kesho kutwa kuna msasa.

Paka paneli moja hadi mwisho wake, usiishie katikati, maana ukingo ukishaanza kukauka alama ya kuunganishia haifichiki. Bahati nzuri Land Rover ina maungio mengi, kila paneli ina mpaka wake.

Mkono mwembamba, mwembamba, mwembamba. Rangi ya mafuta ukiipaka nene juu inafunga ngozi, chini bado mbichi, kisha inakunjamana. Kila mkono uache ukauke kwa kadiri kopo linavyosema, upitishe msasa wa maji 400 au 600 mpaka mng'ao ufe wote, uoshe, ufute, ndipo urudie. Mikono minne haizidi. Ukimaliza wa mwisho usikimbilie kampaundi. Kwa mguso itakauka siku hiyohiyo, lakini kukomaa kwa ndani ni majuma.

Saa za kazi: subiri umande ukauke na bodi ipate uvuguvugu, saa tatu hivi asubuhi, umalize kabla ya saa sita. Usipake bodi ikiwa inachoma mkono. Na usipake alasiri, kwa kuwa umande wa usiku ukiikuta ingali laini unaiua mng'ao, asubuhi unakuta imekuwa kama majivu. Mwaga maji sakafuni na kuzunguka banda kabla hujafungua kopo, vumbi litulie.

Kuhusu msimu, Juni na nusu ya kwanza ya Julai ndizo zako. Baadaye porini wanachoma moto, masizi yanaelea mji mzima, na upepo wa Agosti huo unakuja na mchanga. Mvua za kwanza za Novemba zikinyesha usithubutu, kumbikumbi wanafuata taa na kitu chochote kinachong'aa, nimeona mlango wa behewa umejaa mabawa usiku mmoja.

Na usilirudishe chini ya mwembe likiwa bichi. Mwembe una utomvu, una ndege, na una wale wadudu wadogo wanaodondosha maji yenye sukari.

#8 Mwanga Kigoma

Uzi umenikuta pazuri. Mimi nina Peugeot 404 saluni, ipo hapa Mwanga, Kigoma mjini. Hii ni bati tupu, hakuna aluminiamu ya kujivunia, na ilishapigwa NC zamani, imepasuka nyufa ndogondogo paa lote. Je, na mimi nipake rangi ya mafuta kwa brashi? Fundi Ujiji wewe ni jirani, naomba kauli yako.

#9 Fundi Rangi Ujiji

Jirani, hapana. Gari hilo lina tabia nyingine kabisa.

404 mchoro wake ni wa Pininfarina, ilitoka 1960, ina mistari mirefu inayoanzia taa za mbele hadi yale mapezi ya nyuma. Mistari hiyo inaishi kwa mng'ao. Na kwa nchi hii gari hilo lina heshima yake: Bert Shankland aliyekuwa akiendesha kutoka Tanzania alishinda Safari Rally nalo mwaka 1966, akarudia 1967. Ulipe rangi inayolistahili, lakini rangi moja, siyo metaliki.

Kwanza jua ulichonacho. Chukua kitambaa cheupe, kilowanishe tina kali, kikandamize mahali pamoja palipojificha. Rangi ikiyeyuka na kuhamia kwenye kitambaa, ni NC. Ikikunjamana, ni rangi ya mafuta. Isipofanya chochote, ni 2K au rangi ya kuokwa kiwandani. Halafu kitambaa kingine kwa kampaundi kidogo: kikishika rangi ya gari, haina klia, kikibaki cheupe, ina klia juu.

Kama ni NC iliyopasuka, nyufa zile hazizibwi na praima. Utapiga rangi mpya, itapendeza, na jua la miezi michache litazirudisha zote juu. Paa hilo livue mpaka bati.

Kwa rangi mpya unazo mbili. NC yenyewe bado ina watu wake na nawaelewa, kwa sababu inakauka upesi vumbi halipati nafasi, ukikosea unasugua unarudia, na ukiisugua kwa msasa 1500 na kampaundi inatoa mng'ao wa ndani, mlaini, ambao 2K haina. Ndiyo rangi iliyoyabadili magari duniani tangu miaka ya 1920, kabla yake kupaka gari kulichukua majuma. Lakini inataka mikono mingi, inataka kung'arishwa mara kwa mara, na Kigoma ina unyevu. Ukipiga NC siku ya mvua, tina inaruka upesi mno, bodi inapoa, unyevu wa hewani unaganda juu ya rangi na gari linageuka ukungu mweupe. Dawa yake ni tina ya polepole na kuchagua siku kavu. Nayo tina yake si ya kuchezea, maski ya chujio lazima.

2K ya rangi moja ndiyo ningekushauri kwa 404, kwa sharti moja na silipunguzi baada ya kusoma alichoandika dada muuguzi: lipelekwe penye chumba cha kupulizia na maski ya hewa. Mimi mwenyewe sina chumba hicho, kwa hiyo kazi hiyo siichukui. Nitakunyooshea bodi, nitakupigia epoksi kwa brashi na kuisugua mpaka 400, kisha gari lako liende kwenye mji wenye vifaa likamaliziwe. Utalipa zaidi.

Na kwa kuwa 404 haina chesisi ya kutenganisha, bodi ndiyo inayobeba kila kitu, usifikirie nje peke yake. Mapango ya pembeni chini ya milango na sakafu yataoza kutoka ndani wakati nje panang'aa. Mwagia nta au mafuta mazito ndani yake baada ya rangi. Hapa Kigoma tuna ushahidi mkubwa: Wajerumani walipoizamisha meli ambayo leo ni Liemba mwaka 1916, mafundi wake waliipaka injini grisi nene kwanza. Iliinuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Miaka mingi chini ya ziwa, na grisi ilifanya kazi yake.

#10 Mwanga Kigoma

Nimekuelewa fundi. Juma lijalo nakuja Ujiji na kitambaa cheupe.

#11 Kijana wa Isevya

Swali la mwisho wakuu. Vipi ile rangi ya kufubaa, isiyong'aa kabisa, kama magari ya jeshi? Naona inakuja sana. Si ndiyo ingemfaa mleta uzi asiyetaka mng'ao?

#12 Fundi Rangi Ujiji

Haiwezi kung'arishwa. Ukiisugua mahali pamoja panang'aa peke yake, na jasho la mkono linaacha alama. Kwa vumbi la Tabora utaisugua kila siku. Nusu mng'ao sawa, kufubaa kabisa hapana.

#13 Mzawa wa Cheyo

Ahsanteni sana, wakubwa kwa wadogo. Mzee wetu wa karakana, shikamoo kwa mara ya pili, maelezo yako nimeyachapa na yamebandikwa bandani.

Msimamo wangu wa rangi ya mafuta unabaki, ila mpango umebadilika. Ukuta wa injini na chesisi vinapata epoksi kwa brashi, maana huko ndiko chuma kiliko. Aluminiamu iliyobaki wazi, praima ya asidi, inafunikwa siku hiyohiyo. Vipande vya zinki nitaviacha wazi. Milango inafunguliwa yote, hilo sikuwa nimelipanga, na jana tumefungua wa kushoto, unga mweupe umejaa chini kama fundi alivyosema. Aluminiamu imetobolewa kwa urefu wa kidole. Itakatwa na kuwekwa kipande. Pale pa kujazia mafuta nitafanya desturi ya kuweka kitambaa kila ninapojaza, na paneli ile nitaipaka upya kila itakapohitaji. Hiyo ndiyo ndoa niliyoichagua.

Kazi ya brashi ni mwanzoni mwa Juni, asubuhi tu. Fundi wangu, yule wa kitambaa puani, amesoma uzi wote kwenye simu yangu. Ameniuliza maski ya kuletewa hewa inapatikana wapi, kwa ajili ya wateja wengine wanaotaka 2K. Anayeuza ya kweli, siyo ya karatasi, aniandikie faragha na aseme bei ya maski pamoja na pampu yake.

La mwisho ni kijani. Kile nilichokifikia chini ya kiti ni kidogo mno kuchanganyishia rangi, na duka la rangi wanataka kipande cha kulinganisha kisichopungua kiganja. Mwenye Land Rover ya miaka ya 1960 hapa Tabora, Nzega, Urambo au hata Kasulu, mwenye kipande cha kijani cha asili kilichojificha, nyuma ya dashi au chini ya kishikilia tairi la akiba, naomba ruhusa nije nacho kikopo cha majaribio tulinganishe juani. Nitakuja na msasa na kampaundi, na sehemu nitakayoigusa nitaiacha safi kuliko nilivyoikuta.